Mwanangu ataanza shule lini huko tuendako?

Kazi yangu ni kuwasaidia wazazi wanaohamia ughaibuni kuwapatia watoto nafasi za shule, na swali la kwanza huwa lilelile: huko watoto huanza na miaka mingapi? Zamani nilikuwa nikilijibu. Siku hizi na mimi nauliza: mtoto alizaliwa tarehe ngapi, mwezi gani?

Tumchukue mtoto wa mfano, aliyezaliwa 20 Agosti 2020, tumtazame Septemba 2025. Ana miaka mitano na siku za kuhesabika.

Akiwa London, ameshamaliza mwaka mzima wa Reception, darasa la kuanzia shule huko, na anaingia Year 1, darasa linalofuata. England hupanga madarasa kwa waliozaliwa kati ya 1 Septemba na 31 Agosti, na mtoto hupewa nafasi Septemba inayofuata baada ya kutimiza miaka minne. Juni atapimwa kama anaweza kuunganisha sauti za herufi akapata neno, naye hata sita hajatimiza. Mhamishie Helsinki mtoto huyohuyo, siku hiyohiyo: shule hajaiona bado. Finland huangalia mwaka wa kuzaliwa, na darasa la kwanza huanza mwaka ambao mtoto anatimiza saba. Kwake ni 2027. Mwaka mmoja kabla ya hapo atapitia darasa la awali, ambalo ni la lazima tangu 2015. Kwa sasa yuko kituo cha kulelea watoto, na anachofanya zaidi ni kucheza.

Paris angekuwa mwaka wa mwisho wa shule ya awali. Amsterdam ameshazoea shule kitambo, kwa kuwa huko mtoto anaweza kuingia mara tu anapotimiza minne, hata katikati ya muhula, ila kusoma kwenyewe hungoja kundi la tatu, darasa la watoto wa miaka sita hivi. Tokyo ataanza Aprili 2027. Sydney amekosa kuanza 2025 kwa siku 20 tu, maana jimbo lake hutaka mtoto awe ametimiza mitano ifikapo 31 Julai, basi ataanza mwanzoni mwa 2026.

Mtoto ni yuleyule, akili ni ileile. Kilichobadilika ni tarehe ya kikomo, na tarehe hiyo imewekwa na watu kwa sababu zao. Miaka mitano, ambayo kwa Waingereza ndiyo umri wa lazima, imo sheriani tangu 1870, enzi za viwanda na ajira za watoto, kabla sayansi ya makuzi haijasimama.

Hata ndani ya nchi moja tarehe hutofautiana. Ujerumani kila jimbo lina yake, kuanzia mwisho wa Juni hadi mwisho wa Septemba. Marekani nako ni jimbo kwa jimbo: mengi hutumia 1 Septemba, lakini New York City hukata 31 Desemba. Kwa hiyo ukiniambia tu kwamba mnahamia Marekani, bado hujaniambia kitu.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wazazi: umri wa kuruhusiwa na umri wa kulazimishwa ni vitu viwili. New Zealand watoto wengi huingia siku wanapotimiza mitano, ilhali sheria inawabana wakifika sita. Uholanzi wanaruhusiwa na minne, wanalazimika na mitano. Ufaransa ndiko hakuna mchezo, kwani tangu Septemba 2019 elimu ni ya lazima kuanzia miaka mitatu. Nilimhudumia baba mmoja aliyekuwa amemweka binti yake nyumbani kwa nia njema kabisa, "bado mdogo huyu," mpaka barua ya serikali za mitaa ilipobisha hodi.

Halafu namba za madarasa. Year 2 ya England ndiyo darasa la kwanza la Marekani kwa umri. Familia ikihama kutoka huku kwenda kule, mtoto hutoka "la pili" akaingia "la kwanza," na mama hunipigia simu akilia kwamba mwanawe amerudishwa nyuma. Hajarudishwa, yuko na wenzake wa rika lake. Mwenye haki ya kulia kidogo ni yule anayehama kati ya nchi inayoanza mwaka wa shule Januari na nyingine inayoanza Septemba, maana huyo ama atarudia miezi kadhaa ama ataruka miezi kadhaa. Nikipewa hiari, kwa mtoto wa chini ya miaka saba nachagua kurudia.

Angalieni pia karatasi. Cheti kikiwa na 04/09/2020, Mmarekani anasoma 9 Aprili, na wengine wengi wanasoma 4 Septemba. Kwa mtoto aliyezaliwa karibu na kikomo, kosa hilo ni mwaka mzima. Andikeni mwezi kwa maneno kwenye kila fomu. Familia za wakimbizi zina lao: watoto ambao tarehe zao hazikujulikana huandikiwa 1 Januari, na darasa hupangwa kwa siku ambayo mtoto hakuzaliwa. Kama mna kadi ya kliniki au ya chanjo yenye tarehe halisi, ipelekeni kabla ya usajili.

Sasa nije kwenye jambo ninalobishana nalo na shule zaidi ya yote. Mtoto aliyezaliwa siku chache kabla ya kikomo ndiye mdogo kuliko wote darasani. Akiwa na miaka mitano, mwenzake aliyemzidi miezi kumi na moja amemzidi karibu moja ya tano ya maisha yake yote. Tafiti za nchi kadhaa zimeonyesha kwamba watoto hawa wadogo wa darasa hugunduliwa kuwa na tatizo la kutotulia na kutomakinika mara nyingi kuliko wakubwa wao. Kwa wengine kinachoonekana kama ugonjwa ni utoto tu.

Mwongezee huyo mtoto lugha ngeni. Anaingia darasani, ananyamaza. Kunyamaza kwa wiki au hata miezi ni kawaida kwa anayejifunza lugha ya pili, anasikiliza na kukusanya. Mtafiti Jim Cummins alionyesha kwamba mazungumzo ya kila siku mtoto huyapata kwa takriban miaka miwili, lakini lugha ya masomo huchukua mitano hadi saba. Mwalimu asiyejua haya huandika "hajakomaa." Nina kesi moja siisahau: msichana alikaa miezi minne bila neno, shule ikataka ashushwe darasa. Nilimwomba mama amrekodi nyumbani akisimulia hadithi kwa lugha yao. Dakika sita mfululizo, na sauti za wahusika juu. Tulipoketi na mkalimani, mazungumzo ya kushusha darasa yaliisha hapohapo.

Wakati mwingine kuchelewesha ni sawa, na ni haki. England, aliyezaliwa kati ya 1 Aprili na 31 Agosti anaweza kuombewa aingie Reception akiwa na mitano, ila ombeni mapema na kwa maandishi, kwa kuwa uamuzi hauko mikononi mwa mzazi peke yake. Uskoti ni rahisi zaidi: tangu Agosti 2023, ambaye hajatimiza mitano shule zinapofunguliwa anaweza kubaki chekechea mwaka mmoja zaidi kwa gharama ya serikali. Bavaria, jimbo la Ujerumani, huwaachia wazazi wa waliozaliwa Julai hadi Septemba waamue wenyewe.

Na wanaoogopa kwamba kuchelewa kusoma ni kuachwa na basi, utafiti wa New Zealand uliochapishwa 2013 ulilinganisha walioanza kusoma na mitano na walioanza na saba. Kufikia miaka kumi na moja hivi, walisoma sawa.

Wasiwasi wangu mimi uko kwa wanaokwenda miaka miwili mitatu kisha wanarudi. Mtoto akitoka Finland na miaka saba, anaweza kukuta rika lake nyumbani linasoma aya nzima. Hao nawaambia wamfundishe kusoma kwa lugha ya nyumbani, robo saa jioni, na waombe ripoti ya shule yenye tarehe na mhuri kabla ya kufunga masanduku. Kuifuatilia ukiwa umeshaondoka ni kazi.