Kusafiri kwa meli ya mizigo kutoka Mtwara: nani anaruhusiwa, na kwa utaratibu gani

Msimu wa korosho ukianza, maswali ya aina moja hurudi kwenye madawati yetu sisi tunaoshughulika na usalama wa vyombo vya majini. Kijana anataka kujua kama anaweza kupewa nafasi kwenye meli inayokwenda India. Mama ana bidhaa zake za Comoro na anaomba asafiri juu ya mzigo wake. Tangu msimu wa 2023/2024, Serikali ilipoelekeza korosho za Kusini zipitie Bandari ya Mtwara, meli za makontena zimeongezeka gatini, na maswali yameongezeka pamoja nazo. Barabara nayo huchangia. Ilipokatika Kilwa mwezi Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya, wengi waligeuza macho baharini na kuuliza kwa nini meli zote zile haziwezi kuwachukua abiria.

Jibu linaanzia kwenye idadi. Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini wa mwaka 1974, unaojulikana kwa kifupi kama SOLAS, unasema chombo kinachobeba abiria zaidi ya 12 katika safari ya kimataifa ni meli ya abiria. Masharti ya meli ya abiria ni mazito zaidi: namna ilivyogawanywa ndani ili isizame upesi, njia za kutokea, idadi ya majaketi okozi yakiwemo ya watoto, mafunzo ya mabaharia. Meli ya mizigo haikujengwa kwa masharti hayo, kwa hiyo mwisho wake ni abiria 12. Msidhani kila meli ina nafasi 12 zinazosubiri watu. Cheti cha vifaa vya usalama cha kila meli hutaja jumla ya watu ambao vifaa vyake vinawatosha, mabaharia wakiwemo. Kama cheti kinasema watu 22 na mabaharia ni 22, hakuna nafasi hata ya mtu mmoja, na nahodha kuwa shemeji yako hakukuongezei kiti kwenye boti okozi.

Kwa majahazi na vyombo vya ndani vinavyotoka Mtwara, Lindi au Kilwa kwenda Mafia, Songosongo na Unguja, kinachotawala ni sheria zetu wenyewe, na msimamizi ni Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017. Mantiki ni ile ile: cheti cha chombo kinasema kinabeba nini, na watu wangapi. Chombo kilichosajiliwa kwa mizigo hakigeuki kuwa cha abiria kwa sababu mwenye nacho ameonea watu huruma.

Sasa orodha ya abiria. Hapa wananchi wengi hutukasirikia, na mimi sielewi kwa nini. Mtu huyo huyo akienda Dar es Salaam kupanda treni ya umeme kwenda Dodoma, anatoa kitambulisho, jina lake linaandikwa kwenye tiketi, na hagombani na mtu. Akirudi kwetu kwenye jahazi, ukimwomba jina anauliza linakuhusu nini. Linatuhusu kwa sababu chombo kikichelewa kufika, orodha ndiyo inayowaambia waokoaji watafute watu wangapi. MV Spice Islander I ilipozama karibu na Nungwi Septemba 10, 2011, ilikuwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake, na idadi halisi ya waliokuwamo haikujulikana siku ile. Ziko familia ambazo hazikupata maiti ya kuzika wala karatasi yenye jina la mtu wao. Orodha inajazwa kabla ya kuondoka, nakala moja inabaki nchi kavu. Aliyepanda baada ya orodha kufungwa, kwa mtumbwi uliomfuata nje ya bandari, kwa waokoaji ni kama hakusafiri.

Anayetaka kusafiri kihalali kwa meli ya mizigo kwenda nje ya nchi, aanze kwa wakala wa meli, asianze kwa baharia aliyekutana naye mjini. Wakala humwandikia mmiliki wa meli. Mmiliki akikubali, na mara nyingi hakubali kwa sababu ya bima, abiria ataombwa hati ya kusafiria, viza ya nchi ya bandari inayofuata pale inapohitajika, kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwa nchi zinazoidai, na cheti cha daktari. Cheti hicho watu hukiona usumbufu. Kanuni za kimataifa hulazimisha kuwa na daktari kwenye meli yenye watu 100 au zaidi inayosafiri kimataifa zaidi ya siku tatu. Meli ya mizigo yenye mabaharia ishirini na kitu haina. Ukipatwa na kidole tumbo katikati ya Bahari ya Hindi, atakayekuhudumia ni ofisa wa meli mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza na sanduku la dawa.

Baada ya hapo wakala huingiza jina kwenye orodha ya abiria na kuipeleka kwa mamlaka za bandari, Uhamiaji na Forodha. Abiria anaingia bandarini kwa kibali, kupitia lango, siku aliyopangiwa. Bandari inayopokea meli za kimataifa ni eneo la ulinzi chini ya kanuni zilizoanza kutumika Julai 1, 2004, hivyo kuingia bila kibali ni kosa linalojitegemea, hata kama hukugusa meli. Ukiwa melini utaonyeshwa kituo cha kukusanyikia. Milio mifupi saba au zaidi ikifuatiwa na mmoja mrefu ina maana uvae jaketi na uende kituoni. Usirudi chumbani kuchukua begi.

Upande wa adhabu niwe wazi. Mkaguzi akikuta abiria waliozidi, huandika kasoro, humkabidhi nahodha taarifa ya maandishi, na chombo hakipewi kibali cha kuondoka hadi kasoro irekebishwe na kukaguliwa upya. Muda wote huo mmiliki anaendelea kulipia gati. Cheti cha nahodha kinaweza kusimamishwa. Shauri linaweza kwenda mahakamani, na ajali ikitokea, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa. Abiria naye hawezi kujificha nyuma ya nahodha: aliyetoka nchini bila kupita Uhamiaji amevunja sheria mwenyewe. Anayevuka kwa mashua usiku kutoka Msimbati kuelekea Palma, Msumbiji, ajue pia kwamba tangu Oktoba 2017 kwenye jimbo hilo la Cabo Delgado kuna mapigano, na mtu asiye na karatasi ni mtu wa kushukiwa pande zote mbili za Mto Ruvuma. Kivuko halali kipo Kilambo.

Jambo linaloninyima usingizi ni wazamiaji. Vijana huambiana kwamba ukishaingia kwenye kontena au tumbo la meli, kazi imekwisha, utaibukia ng'ambo. Sikilizeni yaliyomo humo ndani.

Mazao yanayosafirishwa hufukizwa kwa dawa. Vidonge vya fosfidi ya alumini vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, ambayo huua wadudu wa ghalani, na humuua binadamu pia. Wakati mwingine hunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini pua si kipimo cha kutegemewa, kwa sababu inaweza kukudhuru kabla hujasikia harufu yoyote. Kontena likishafungwa na kuwekwa lakiri, halifunguki kwa ndani.

Makaa ya mawe ya Ruvuma yanayopakiwa hapa Mtwara yana hatari yake. Makaa hula hewa ya oksijeni yenyewe, bila moto kuonekana, na yanaweza kutoa gesi ya methani na kaboni monoksidi. Hewa ya kawaida ina oksijeni takriban asilimia 21. Ikishuka chini ya 10 mtu huzimia, mara nyingi bila onyo lolote la kumfanya akimbilie ngazi. Hata chuma kinachopata kutu ndani ya chumba kilichofungwa hupunguza oksijeni. Ndiyo maana baharia mwenyewe haruhusiwi kuingia mpaka hewa ipimwe kwa kifaa. Na mwenzako akianguka mle ndani, usimfuate. Wengi wanaokufa katika vyumba hivyo ni wale walioingia kuokoa.

Anayenusurika akakutwa baharini hafiki alikokusudia. Nahodha anawajibika kutoa taarifa, kumhifadhi na kumlisha. Bandari inayofuata mara nyingi hukataa kumshusha, na nyingine pia, akazungushwa wiki kadhaa hadi apatikane wa kumpokea na kumrudisha alikopandia. Gharama humwangukia mmiliki wa meli, naye huiona bandari ilikotokea kuwa ina mianya. Bandari hii wakulima wetu wa korosho wanaihitaji iaminike.

Kwa wazazi na ndugu: mkijua au mkihisi kijana ameingia melini, msisubiri mpaka kesho kwa kuogopa atakamatwa. Nendeni polisi au langoni bandarini saa hiyo hiyo mkiwa na jina lake, picha yake, saa aliyoonekana mara ya mwisho na jina la meli kama mnalijua. Meli ikiwa bado gatini, upakiaji na ufukizaji unaweza kusimamishwa na upekuzi ukafanyika. Ikiwa imeshang'oa nanga, wakala anaweza kuwasiliana na nahodha kwa setilaiti, na nahodha akatuma watu kukagua kabla gesi haijafanya kazi yake.