Muhuri wa Mwenyekiti wa Mtaa Si Hati

Malalamiko mengi yanayofika dirishani kwetu, tunakofanya upekuzi wa hati za viwanja, yana sura moja. Kijana mwajiriwa amejibana, amenunua kiwanja Chanika au Chamazi kwa bei aliyoiona nafuu, kisha benki ikamkatalia mkopo wa kujenga. Anakuja na mkataba uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, anauliza kwa nini "hati" yake haikubaliki.

Hali tunaielewa. Mkopo wa nyumba wa shilingi milioni 80, kwa riba ya asilimia 15 na muda wa miaka 20, una rejesho la takribani shilingi 1,053,000 kila mwezi. Mtumishi ambaye theluthi ya mshahara wake haiguswi na makato anahitaji mshahara wa karibu 1,580,000, na hapo awe hana deni lingine. Ndiyo maana wengi Dar hutangulia na kiwanja, nyumba ikafuata kidogo kidogo. Hatuna ugomvi na hilo.

Mwenyekiti wa mtaa anashuhudia kwamba mmeuziana, basi. Ile asilimia 10 ya bei mnayompa hainunui hadhi yoyote chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Wala makato ya kodi ya jengo ya 1,500 kwa mwezi kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, hayathibitishi umiliki. Hata mpangaji hukatwa. Hili tumelieleza mara ngapi?

Kabla ya kutoa hata malipo ya awali, omba upekuzi kwa Msajili wa Hati kwa kutumia namba ya hati, au namba ya kiwanja na kitalu. Utaona jina la mmiliki, rehani na zuio kama vipo. Hakikisha kodi ya pango la ardhi haina malimbikizo. Muuzaji mwenye ndoa alete ridhaa ya mwenza wake kwa maandishi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinalinda nyumba ya familia, na "mke wangu anajua" si ridhaa.

Baada ya mkataba kunafuata uthamini, kisha kodi. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji: asilimia 10 ya faida kwa mkazi, au asilimia 3 ya thamani kwa asiye na kumbukumbu za gharama. Asipolipa, uhamisho haupiti na anayeumia ni mnunuzi, kwa hiyo bakiza sehemu ya fedha mpaka alipe. Ushuru wa stempu ni takribani asilimia 1 na mkataba unapaswa kugongwa stempu ndani ya siku 30. Ukichelewa kuna adhabu, na mkataba usio na stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi.

Mwisho, nenda uwanjani na mpimaji, si na dalali peke yake, mzione bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja. Mita 60 kutoka mtoni au ufukweni hazijengwi. Waliobomolewa Bonde la Msimbazi kuanzia Desemba 2015, na Kimara kwenye hifadhi ya barabara mwaka 2017, wengi wao walikuwa na karatasi pia.

Ukija dirishani, leta nakala kamili ya hati. Picha ya simu iliyokatwa namba ya kitalu hatuwezi kuifanyia upekuzi.