Je, wajua kwa nini chembe za sumaku zikidungwa mwilini hazinasani na kuziba mishipa?

Sumaku mbili zikikaribiana hunasana. Mtoto yeyote aliyewahi kufungua spika mbovu analijua hilo. Sasa daktari anapodunga kwenye mshipa wa mgonjwa kimiminika chenye chembe zisizohesabika za chuma zinazovutwa na sumaku, ni haki kabisa kuuliza: mbona hazishikani zikawa bonge na kuzuia damu?

Siri ni udogo wake. Chembe hizi ni oksidi ya chuma, hasa magnetaiti, ambayo ndiyo madini ya sumaku ya asili. Kiini cha kila chembe kina upana wa nanomita 10 hivi, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Seli nyekundu ya damu ina upana wa nanomita zipatazo 7,000. Msumari ukisuguliwa kwa sumaku hubaki na usumaku kwa sababu ndani yake mna maeneo mengi yaliyoelekea upande mmoja na kushikiliana hapo. Chembe ndogo kiasi hiki ni eneo moja tu, na joto la kawaida la mwili linatosha kuupindua mwelekeo wake huku na huko mamilioni ya mara kwa sekunde. Kwa jumla usumaku unakuwa kama haupo. Lete sumaku kutoka nje, na chembe zote zinageukia upande mmoja papo hapo na kuvutika. Iondoe, nazo zinarudia kupinduka kwake. Juu ya hapo hupakwa utando, mara nyingi wa sukari aina ya deksitrani, usioziruhusu kugusana.

Zikimaliza kazi, hazitupwi. Seli za ini na bandama huzimeza na kuziyeyusha, na chuma chake huingia kwenye akiba ya mwili na kutengeneza damu mpya. Ndiyo maana mojawapo ya chembe hizi, ferumoksitoli, iliidhinishwa Marekani mwaka 2009 kuwa dawa ya upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo, dozi moja ikiwa na miligramu 510 za chuma. Madaktari wa picha nao huitumia kung'arisha mishipa ya damu kwenye MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku. Lakini si dawa ya kuchezea: mwaka 2015 iliwekewa onyo kali, kwa kuwa kuna waliopata mzio mkubwa na wengine wakafariki. Hutolewa polepole kwa dripu, na mgonjwa anaangaliwa muda wote.

Matumizi yanayonivutia zaidi ni ya saratani ya matiti. Saratani hii ikianza kusambaa, mara nyingi hupitia kwanza kwenye tezi za limfu za kwapani, yaani vichujio vidogo vya majimaji ya mwili. Daktari mpasuaji akiipata tezi ya mwanzo kabisa na kuikuta safi, anaweza kuziacha nyingine zote. Hilo ni jambo kubwa kwa mwanamke, kwa sababu kuondolewa tezi zote kunaweza kumwachia mkono unaovimba maisha yake yote. Njia iliyozoeleka ya kuitafuta tezi hiyo ni kudunga teknishiamu-99m yenye mionzi, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya saa 6. Kwa hiyo hospitali lazima iwe na kitengo cha tiba ya nyuklia, na ratiba ya upasuaji lazima ifuate saa ya mionzi.

Chembe za chuma hazina mionzi wala haraka hiyo. Hudungwa kwenye titi, zikafuata njia ya limfu na kutua kwenye tezi. Daktari hupitisha kifaa chenye umbo la kalamu nene juu ya kwapa, na mlio unazidi kadiri anavyoikaribia. Vifaa vya chuma huwekwa kando na kutumika vya plastiki, visije vikadanganya kipimo. Akifungua, tezi mara nyingi huonekana kwa macho, ya kahawia au nyeusi. Kimiminika cha aina hii kiitwacho Magtrace, cha kampuni ya Endomag ya Cambridge, Uingereza, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2018. Kina kasoro zake: ngozi hubaki na doa la kahawia kwa miezi mingi, na picha za MRI za titi hilo huharibika. Hata hivyo, kwa ukanda wetu ambako tiba ya nyuklia iko kwenye miji michache tu, naona hii ndiyo njia ya kupiganiwa.

Kuhusu kutumia chembe hizi kuunguza uvimbe wa saratani kwa joto, habari husifiwa kupita kiasi. Wazo ni la tangu 1957, lilipojaribiwa na Gilchrist na wenzake huko Marekani: jaza chembe kwenye uvimbe, zigeuze kwa uga wa sumaku unaobadilika mara nyingi kwa sekunde, nazo zitapata joto. Andreas Jordan wa Berlin aliifikisha tiba hiyo kwa wagonjwa wa uvimbe wa ubongo, na Ulaya ikaipa kibali mwaka 2010. Uga wake hubadilika mara 100,000 kwa sekunde, na mgonjwa aliyeziba meno kwa madini hulazimika kuondolewa madini hayo kwanza. Utafiti wake mkuu haukuwa na kundi la kulinganishia, yaani wagonjwa wasiopewa tiba hiyo. Kuvuta kwa sumaku dawa iliyobebwa na chembe hizi hadi kwenye kiungo cha ndani nako ni kugumu, maana mvuto wa sumaku hufifia haraka sana kadiri umbali unavyoongezeka.

Penye kazi ya kila siku ni maabara. Mtu anayetumia ARV akipimwa wingi wa virusi, mashine nyingi hutumia chembe za sumaku. Hizi ni kubwa zaidi, mara nyingi zikiwa na punje za nanomita ndani yake. Dawa maalumu huvunja virusi, na RNA yake, yaani kemikali inayobeba maelezo ya urithi wake, hunata kwenye chembe. Sumaku inasogezwa pembeni ya kichupa, na baada ya muda mfupi tope la kahawia linajikusanya ukutani huku maji yakibaki meupe. Maji hayo, yenye mabaki yasiyohitajika, hufyonzwa na chembe kuoshwa; kisha RNA huachiliwa ikiwa safi, tayari kuhesabiwa.