Ganzi baada ya upasuaji wa kifua: kwa nini sindano yako si ya jirani yako

Aliyevunjika mguu huulaza ukapumzika. Kifua hakina likizo: kila pumzi inakipandisha na kukishusha, kidonda kikiwa bado kibichi. Mgonjwa anayeumia hupumua juujuu na kujizuia kukohoa, kohozi linatuama mapafuni, na nimonia inapata mlango. Ndiyo maana nikifika kitandani asubuhi baada ya upasuaji, namwambia mgonjwa: "Hebu kohoa." Maumivu ya mtu aliyetulia hunieleza machache sana.

Mofini, dawa kali ya maumivu, hutuliza, lakini ikizidi hupunguza kasi ya kupumua, nasi tunashughulika na mtu ambaye mapafu yake yameguswa. Kwa hiyo tunaziba njia ya maumivu yenyewe, yaani mishipa ya fahamu inayotoka kwenye uti wa mgongo na kufuata kila ubavu. Tofauti ya ganzi hizi ni mahali tunapoiziba.

Kwa miaka mingi epidurali ya kifua ndiyo iliyotegemewa zaidi. Mrija mwembamba huachwa mgongoni, nje ya utando unaozunguka uti wa mgongo, na dawa hupita humo kwa siku kadhaa. Inazuia maumivu vizuri, pande zote mbili. Lakini hushusha presha na huweza kuzuia mkojo. Kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, damu inaweza kuvujia ndani na kuukandamiza uti wa mgongo. Ni nadra, ila ikitokea mtu anaweza kupooza.

Ganzi ya pembeni mwa pingili za mgongo ilielezwa mwaka 1905, ikaachwa, kisha ikafufuliwa mwaka 1979. Huzuia upande mmoja tu, na kwa upasuaji mwingi wa pafu huo ndio tunaouhitaji. Tafiti zilizoilinganisha na epidurali zimekuta nafuu inakaribiana, huku presha kushuka na mkojo kuziba vikitokea kwa wachache zaidi. Sindano inaweza kutoboa utando wa pafu, hivyo inataka mkono wenye uzoefu. Kwa kifua kilichofunguliwa upande mmoja, mimi huanza kuifikiria hii.

Mwaka 2016 ilielezwa ganzi inayowekwa chini ya misuli inayonyoosha mgongo. Kwa altrasaundi ni rahisi kuiweka, mbali na pafu na uti wa mgongo, na inafaa sana upasuaji wa matundu madogo kwa kamera. Udhaifu wake ni kwamba dawa haisambai sawasawa kwa kila mtu. Ganzi ya ubavuni, chini ya kwapa, hutuliza mbele na pembeni lakini mgongoni haifiki vizuri. Ile ya katikati ya mbavu huisha baada ya saa chache, na dawa yake huingia kwenye damu haraka. Masikio yakivuma, au ukihisi ladha ya chuma na ganzi kuzunguka mdomo, mwite muuguzi papo hapo.

Bega la upande uliopasuliwa likiuma, usidhani ganzi imeshindwa. Maumivu hayo mara nyingi hupitia mshipa wa fahamu wa kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu), unaotokea shingoni, ambao ganzi hizi kwa kawaida haziufikii. Yanatibiwa kwa dawa nyingine.

Kabla ya upasuaji, mweleze daktari wa usingizi dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda, na kama umewahi kufanyiwa operesheni ya mgongo. Kisha muulize ganzi ipi amekuchagulia, na kwa nini.