Nyumba ya Kujitolea Huanza Kabla Timu Haijafika

Likizo ya Agosti ikikaribia, makanisa ya bara huanza kunipigia simu. Mara ni mwenyekiti wa vijana, mara ni mchungaji mwenyewe, na swali huwa ni lile lile: "Fundi, tukija Malindi vijana ishirini na tano kwa wiki mbili, tutajenga nyumba ngapi?" Mimi hujibu: moja, tena ikiwa matayarisho yamefanywa. Kisha nami huuliza yangu. Ardhi ni ya nani? Maji yatatoka wapi? Fundi mkuu wa pale kijijini ni nani, na mmeshakubaliana malipo yake?

Mimi ni msimamizi wa ujenzi. Kazi zangu ziko Malindi mjini na vijijini, Ganda, Kakuyuni, hadi ng'ambo ya mto Sabaki upande wa Magarini. Kuongoza timu za makanisa ni kazi ninayoipenda kwa dhati, na ndiyo maana naandika haya. Nyumba ya mjane inayojengwa kwa sadaka za watu inastahili kusimama miaka hamsini, na kama itasimama au haitasimama huamuliwa miezi miwili au mitatu kabla basi halijaondoka Nairobi au Nakuru.

Wanaosoma Biblia wamkumbuke Nehemia. Alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, akatoka usiku na watu wachache kukagua kuta na malango yaliyoteketea, wala hakumwambia mtu alichokusudia. Orodha ya waliojenga, kila jamaa na kipande chake, inakuja sura inayofuata. Ukaguzi ulitangulia.

Kwetu Pwani ukaguzi huanza na ardhi. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, ya enzi za mkoloni, iliwataka watu wa ukanda huu wadai ardhi zao kwa maandishi. Wamijikenda wengi hawakuandikishwa, ardhi ikahesabiwa kuwa ya wengine au ya serikali, na wajukuu wao hadi leo wanaitwa maskwota katika mashamba waliyozikiwa babu zao. Kwa hiyo mama anaweza kuwa ameishi chini ya mwembe ule ule maisha yake yote na asiwe na karatasi hata moja. Ukimjengea nyumba ya mawe hapo bila kuuliza, huenda umemjengea mtu mwingine. Mimi sichimbi msingi kabla ya kukaa na mzee wa kijiji, chifu, ndugu za marehemu mume wake na wanawe, tukaonyeshana mipaka kwa miguu na makubaliano yakaandikwa. Idhini ya kaunti nayo hutafutwa mapema, kwa mujibu wa sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019.

Kikao hicho kina sababu nyingine, nzito zaidi. Katika kaunti yetu ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya shutuma hizo kuna tamaa ya shamba. Bibi anayeishi peke yake akipata ghafla nyumba ya mabati mapya, iliyojengwa na wageni walioondoka, anaweza kuwa kwenye hatari kuliko alivyokuwa kwenye kibanda chake. Jamaa na majirani wakishirikishwa tangu mwanzo, Waislamu kwa Wakristo, nyumba ile inakuwa na walinzi wengi. Kwa sababu hiyo naomba kanisa lisichague mfaidika kutoka kwenye daftari la washirika wake peke yake.

Sasa tuje kwenye simenti, maana hapa ndipo ratiba za timu nyingi huharibika. Zege hupimwa nguvu zake likiwa na siku 28, na katika wiki ya kwanza ni lazima liwe na unyevu muda wote, kwa kumwagiliwa au kufunikwa magunia yaliyolowa. Likikauka upesi halifikii nguvu yake, hata ungeongeza mifuko. Sasa fikiria timu ya siku kumi na nne: wakichimba msingi Jumatatu, wakamwaga jamvi, yaani sakafu ya zege juu ya msingi, Alhamisi, Jumamosi wanataka kupandisha ukuta ili wapige picha kabla ya kurudi. Zege hilo halijawa tayari kubeba chochote. Ndiyo sababu mimi hutaka timu ikifika ikute msingi na jamvi vimeshamaliza mwezi mzima, vimefanywa na mafundi wa kijiji kwa malipo kamili, huku jamaa wa mwenye nyumba wakichota maji na kusomba mawe.

Mchango huo wa mwenye nyumba na jamaa zake una historia katika ujenzi wa Kikristo. Millard na Linda Fuller walikwenda Mbandaka, Zaire ya wakati huo, mwaka 1973, wakajenga nyumba pamoja na wenyeji, na waliporudi Marekani wakaanzisha Habitat for Humanity mwaka 1976. Shirika hilo lilifika Kenya mwaka 1982. Msingi wa kazi yao ni kwamba familia inayopata nyumba inaijenga kwa mikono yake pia. Nimeona maana yake kwa macho yangu: nyumba ambayo watoto wa mama walishindilia kifusi chake haikai na ufa bila kuzibwa.

Tukirudi kwenye maji. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi, na wageni, wakiona maji safi yasiyo na rangi, hudhani yanafaa kwa kila kitu. Onja. Ukisikia chumvi ulimini, maji hayo yasiingie kwenye zege lenye nondo. Chumvi hula chuma polepole, nondo ikipata kutu huvimba, linta, ile boriti ya zege juu ya dirisha, inapasuka, na hilo hutokea miaka kadhaa baada ya timu kuondoka. Ukutani chumvi hutoka kama unga mweupe na kubandua rangi. Mchanga wa ufukweni ni vivyo hivyo, haufai hata ukiwa mweupe na mzuri kiasi gani. Tunatumia wa mto. Maji ya bomba, yanayotoka Baricho kandokando ya Sabaki, ndiyo bora, lakini yanaweza kukatika, basi tangi lijazwe kabla ya kazi kuanza.

Kwenye kuchanganya, vijana wana nguvu na moyo, na kila mmoja hutaka mchanganyiko uwe laini ili beleshi lipite kwa urahisi. Anaongeza ndoo ya maji. Ndoo hiyo moja ndiyo udhaifu wa linta. Kipimo chetu cha zege la linta ni moja kwa mbili kwa nne, simenti, mchanga na kokoto, kwa karai la ujazo mmoja, na maji hutiwa na mtu mmoja tu niliyemteua asubuhi. Wengine wote wakiona pakavu, wamwite yeye.

Je, vijana wafanye nini hasa? Kuna kazi nyingi zinazohitaji mikono mingi na hazihitaji miaka ya mazoezi: kupitisha mawe kwa safu, kuchekecha mchanga, kumwagilia kuta asubuhi na jioni, kukata na kufunga fito, kupiga chokaa, kuchimba choo. Mwiko, timazi na pimamaji viwe kwa fundi. Kijana anayetaka kujifunza nampanga na fundi mmoja, awe msaidizi wake tangu mwanzo hadi mwisho wa safari, na huyo hurudi kwao akijua kitu. Ila fundi huyo alipwe ujira wake wa kawaida. Naomba sana hili: msimwombe fundi wa kijiji ajitolee kwa kuwa ninyi mmejitolea. Ninyi mna mshahara au wazazi nyumbani, yeye siku hiyo ndiyo unga wa watoto wake. Bajeti ya nyumba ikamilike kwanza, ndipo mhesabu nauli na fulana.

Saa za kazi ni saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tano, kisha tena saa tisa hadi magharibi. Jua la katikati si la kushindana nalo. Ijumaa mchana kazi husimama, kwa kuwa mafundi wangu wengi huenda kuswali, na timu hutumia muda huo kupumzika. Mahamri na mbaazi za nazi asubuhi zinunuliwe kwa mama wa jirani.

Sasa kuna jambo ambalo makanisa mengi hayapendi kulisikia mara ya kwanza. Si kila bibi anahitaji nyumba ya mawe. Nyumba ya udongo iliyojengwa vizuri ni ya baridi, ni ya bei nafuu, na mwenyewe anaweza kuitengeneza. Inapoharibika, huharibika sehemu mbili: chini, ambapo mchwa hula nguzo na matone ya mvua yanayoruka hula udongo, na juu, ambapo paa limechoka. Zote zinatibika. Unainua kuta juu ya msingi wa mawe hadi kimo cha goti. Unatumia nguzo za mikoko, ambazo mchwa hawaziwezi kwa urahisi, mradi ziwe zimetoka kwa muuzaji mwenye kibali cha misitu. Unatoa upenu wa paa nje futi mbili au tatu ili mvua isiguse ukuta. Kwa gharama ya nyumba moja ya mawe unaweza kuwakarabatia wazee kadhaa, na timu ya vijana inafaa zaidi kwa kukandika kuliko kwa kujenga mawe, kwa sababu kukandika siku zote imekuwa kazi ya watu wengi kwa pamoja, huku nyimbo zikiimbwa.

Lakini msipige simenti juu ya udongo. Naona kosa hili kila mahali, na hufanywa kwa nia njema, ili nyumba ionekane ya kisasa. Udongo hupanuka na kunywea kadiri ya unyevu, simenti ni ngumu haifuati. Ufa mdogo unatokea, maji yanaingia nyuma, hayana pa kutokea, na masika ya pili lipu yote inabanduka ikiwa imeng'ang'ania kipande cha ukuta. Tumieni chokaa. Chokaa hupumua, hukubali ukuta ucheze kidogo, na ufa wake huzibwa kwa mkono. Anayetilia shaka aende Gede akatazame magofu, au apande basi hadi Mokowe avuke kwenda Lamu, mji ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Kuta zile ni mawe ya matumbawe, chokaa, na boriti za mikoko, na zimekaa na upepo wa bahari kwa karne. Chokaa ina subira yake pia: hupigwa kwa tabaka nyembamba, kila moja ipewe muda, na upepo wa kusi wa Agosti ukivuma lazima ukuta ufunikwe usikauke kwa ghafla.

Kuhusu paa, wageni hupenda makuti kwa uzuri wake. Ni mazuri kweli, lakini hubadilishwa kila baada ya miaka michache na moto wake ni mbaya, na mama wengi wakiulizwa huchagua mabati. Waulizwe, na chaguo lao lifuatwe. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la 28, na karibu na bahari tofauti hiyo huonekana haraka, kwa hivyo mimi hupigania geji 28. Kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zifungwe kwa chuma kilichozamishwa ndani ya ukuta mistari mitatu ya mawe kutoka juu, kwani upepo haubonyezi paa, hulinyanyua. Tena, ukiweka mabati weka na mfereji na tangi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 50, mvua ya milimita 10, ni karibu lita 500, na hizo ni ndoo ambazo mama au mjukuu wake hatazibeba kichwani kutoka kisimani. Katika kila kitu ambacho timu inaweza kuacha, tangi ndilo ninaloliombea pesa kwa sauti kubwa zaidi.

Upande wa Sabaki kuna la ziada. Mto huo ulifurika mwaka 2018 na tena mwishoni mwa 2023, watu wa Magarini wakahama makwao. Kule kwanza tunawauliza wazee maji yalifika wapi, tunatia alama kwenye mti, na sakafu inakuwa juu ya alama hiyo. Pasipowezekana, nyumba inahamishiwa mwinuko, hata kama shamba linabaki bondeni.

Siku ya kukabidhi, ufunguo upewe mama, na pesa kidogo zibaki kwa mweka hazina wa kanisa la hapa. Zina kazi yake: fundi atarudi baada ya masika ya kwanza, kwa kuwa Mei ndio mwezi wetu wa mvua nyingi zaidi, akaze misumari ya bati, azibe nyufa za chokaa, aone kama mlango umevimba. Gharama hiyo iandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na malipo yake.

Wanaopanga kuja Agosti, msingi uchimbwe Juni mvua ikipungua, jamvi limwagwe kabla ya Julai kuanza. Wanaopanga kuja wakati wa Pasaka, naomba tuzungumze kwanza, maana Aprili mvua huwa inafungua na ukuta mbichi hautaki mvua. Desemba ni nzuri, joto lipo, lakini vuli inakuwa imepungua na kaskazi inaanza kuvuma. Hapo msingi unachimbwa Oktoba.