Baridi Kali: Asiye na Mapigo Huenda Bado Yu Hai
Wengi hudhani mtu aliyepoa, akakakamaa na kukosa mapigo ya moyo, amekwisha kufa. Si lazima. Mwaka 1999 huko Norway, Anna Bågenholm alinaswa chini ya barafu kwa dakika 80. Joto la mwili wake lilishuka hadi nyuzi 13.7 za Selsiasi, moyo ukasimama, na bado akapona. Ubongo uliopoa huhitaji oksijeni kidogo mno.

Kwa hiyo tafuta pumzi na mapigo kwa dakika nzima, maana huwa hafifu na ya polepole. Usipoyapata, kandamiza kifua na umpulizie pumzi, bila kukata tamaa, hadi afikishwe hospitalini. Akiwa na mapigo, mlaze chali, kata nguo zilizolowa badala ya kumvua, mfunike. Usimsugue wala kumtikisa, tafadhali: moyo uliopoa huvurugika mdundo kwa msukosuko mdogo tu.