Je, wajua? Sumaku inaweza kupoza kifaa bila feni

Juzi, kwenye kibanda cha fundi redio pale Mlango Mmoja, Mwanza, nilimkuta amefungua twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Alipochomoa koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa, kwenye ufa wa sumaku kulikuwa na kitu cheusi kama oili chafu. Kijana anayejifunza kwake akachukua kitambaa afute.

"Acha hiyo, mdogo wangu. Ukiitoa, koili itaungua."

Kile kitu ni mafuta yenye chembe za magnetaiti, aina ya madini ya chuma. Kila chembe ina upana wa nanomita 10 hivi. Kwenye upana wa unywele mmoja zinapangika maelfu. Zimepakwa kemikali ili zisishikamane. Aliyekibuni kimiminika hiki ni Steve Papell wa NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 1963, akitaka mafuta ya roketi yavutike kwa sumaku kule angani ambako hayatulii chini ya tangi.

Koili ikipitishwa umeme hupata moto, na hewa haisafirishi joto vizuri. Kimiminika hicho kikijaa kwenye ufa, joto huvuka hadi kwenye chuma cha sumaku na kutawanyika. Pindua spika utakavyo, hakimwagiki: sumaku imekishika.

Lakini kuna jambo linalonifurahisha zaidi. Sumaku yenyewe haina ubaridi wowote, ila chembe zile zikipata joto, mvuto wake kwa sumaku hupungua. Basi weka sumaku karibu na sehemu inayochemka: kimiminika cha baridi huvutwa kwa nguvu kuliko cha moto, kikaja na kukisukuma kando. Cha moto kikifika pembeni hupoa, kikavutwa tena. Mzunguko unaendelea bila pampu wala feni.

Ukikaa Kirumba, kando ya Ziwa Victoria, mchana unaona kitu kinachofanana na hicho. Nchi kavu hupata joto, hewa yake hupanda, na upepo wa ziwani huingia kuziba pengo. Tofauti ni kwamba upepo unaendeshwa na uzito wa hewa. Kwenye kimiminika hiki anayevuta ni sumaku.

Ila usibandike sumaku nyuma ya simu ukidhani itapoa. Ndani yake hamna kimiminika hicho, na utakachopata ni dira ya simu inayokuonyesha Kamanga, iliyo magharibi ng'ambo ya ziwa, iko upande wa Igoma, mashariki mwa jiji.